Vitabu vya Kila Jumanne

Jumamosi, 2 Machi

Mhadhiri wetu ametaka kila anayeendesha warsha aandike kumbukumbu za kumkabidhi mwisho wa muhula. Hizo nitaziandika kwa adabu, kwa sentensi ndefu. Hizi ni zangu.

Warsha ya kwanza imefanyika leo. Wazo lilikuwa langu. Sisi wanafunzi wa uzamili wa ukutubi tunafundishwa kompyuta ubaoni, kwa chaki, kama mtu anayefundishwa kuogelea akiwa amelala kitandani. Nikaomba tufundishane wenyewe kila Jumamosi, wiki tisa, anayejua kitu amfundishe asiyejua. Mkuu wa idara alikubali upesi kwa kuwa hakutakiwa kufanya lolote. Chumba tumepewa na maktaba ya mji, ghorofa ya juu, chini kabisa ya bati. Tulikuwa kumi na wanne. Mvua ilipoanza saa nne, sauti yangu ilimezwa, nikafundisha kwa mikono.

Mkubwa wetu kwa umri ni mama wa miaka hamsini na mbili, karani wa masjala aliyerudi shuleni watoto wake walipomaliza. Sote tunamwita Shangazi. Leo alikishika kipanya cha kompyuta kama vile ni panya kweli. Kila alipobonyeza alifumba macho.

Jumapili, 3 Machi

Nimekwenda nyumbani kama kila Jumapili. Mama alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimemzunguka hadi magotini. Nilimsomea barua mbili na karatasi ya ofisi ya maji. Mama hajui kusoma, ingawa hajawahi kulisema hivyo. Husema, "Nisomee, mama, macho yangu haya." Tangu nikiwa darasa la tatu, mimi ndiye macho yake.

Anaushikilia mkono wa kushoto karibu na mwili. Anasema aliulalia vibaya.

Nikiri kitu kimoja: kila nikitoka pale hujiona mtu wa maana sana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mhadhara wa asubuhi, watu sita.

Jumamosi, 9 Machi

Warsha ya pili: kusafisha majedwali. Shangazi hafumbi macho tena. Ila kafuta safu nzima ya tarehe, akaomba radhi kwa kompyuta.

Wiki ijayo nataka tuunganishe majedwali mawili, na majedwali ya kubuni yamenichosha. Nilishuka kumwomba mkutubi mkuu kumbukumbu za uazimaji za miaka kumi na mitano. Huyu mama tumempa jina la Bi Kimya kwa sababu ndilo neno pekee tunalomsikia akilisema. Nywele zimebanwa, miwani imening'inia kifuani, hanyanyuki kwenye kiti chake hata akija mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nitapewa, kwa sharti kwamba majina na namba za kadi viondolewe vyote. Nikamwambia majina nakubali, lakini namba bila majina hazina madhara. Akavaa miwani, akanitazama. "Vyote," akasema.

Nilipanda kwa fundi wa kompyuta wa maktaba nikiwa nimenuna. Nilimweleza kwamba bila namba, jedwali la kadi na jedwali la vitabu hayawezi kuunganishwa, na kwamba yule mama ni wa enzi za karatasi. Fundi alikuna kichwa. Nikamwambia mimi nitabeba lawama. Akanipa faili likiwa na namba zote.

Jumatano, 13 Machi

Umeme umekatika siku mbili. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 16 Machi

Nisipoandika leo, kesho nitajidanganya.

Tulianza vizuri. Nilionyesha ukutani jinsi jedwali moja linavyolitafuta jingine. Nikasema tuchukue namba moja ya mfano, kisha nikaongeza, kwa majivuno yangu, kwamba mkutubi hachezei namba ya mtu, kwa hiyo nitatumia yangu mwenyewe ya utotoni: 3317. Niliipata kadi ile nikiwa na miaka tisa, nikaiacha kwenye droo ya cherehani nilipokwenda chuo kikuu, miaka kumi iliyopita. Nikawaambia wataona vitabu vya hadithi, vya mitihani, kisha basi.

Nikabonyeza. Zilitoka safu mia nne na kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya Jumanne hii iliyopita, tarehe 12 Machi.

Watu walicheka. Mmoja akasema labda namba ilipewa mtu mwingine. Fundi, aliyekuwa mlangoni, akasema namba hazirudiwi, na kwamba kadi hiyo imehuishwa kila Januari kwa jina lilelile.

Kuna mtu alikuwa anatumia kadi yangu. Hapo ndipo nilipopaswa kuzima. Sikuzima, niliteremka safu kwa safu, nimeshikwa na udadisi kama wenzangu wote. Baada ya kitabu changu cha mwisho kulikuwa na miezi sita mitupu. Kisha kitabu cha herufi chenye picha. Wiki iliyofuata, kitabu kilekile. Na iliyofuata tena. Halafu kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, cha pili, hadithi za sungura.

"Huyu mwizi wako anajifunza kusoma," alisema Shangazi, na chumba kizima kikachangamka. Kila nilipoteremka, mwizi alipanda. Sayansi ya darasa la tano. Ramani. Michoro ya mishono. Mwaka fulani, vitabu vitatu mfululizo vya sheria ya mirathi. Kisha riwaya, moja baada ya nyingine, nene, zile ambazo mimi mwenyewe nimezisoma nusu. Wengine walianza kupiga makofi. Ilikuwa kama kumtazama mtoto anavyokua.

Kuanzia Oktoba mwaka jana, riwaya zikakoma. Kitabu cha afya ya mwanamke. Kitabu cha kujipima matiti. Uvimbe wa matiti, cha madaktari, kimeazimwa mara nne. Saratani na familia. Kuishi baada ya upasuaji.

Makofi yaliisha yenyewe. Mvua pia ilikuwa imekata, kwa hiyo ukimya ulikuwa kamili. Nilichomoa waya wa projekta badala ya kuizima.

Walipoondoka niliketi kwenye ngazi na kompyuta yangu, saa saba mchana, nikalifungua faili tena. Nilitaka kumjua mwizi. Nikapanga kwa siku. Kila kitabu cha miaka hii kumi kiliazimwa Jumanne. Nikatafuta Jumanne zilizorukwa. Mwaka huu zimerukwa mbili tu, za mwanzo wa Februari.

Mama hupeleka sare kila Jumanne katika shule iliyo nyuma ya maktaba hii. Na mwanzo wa Februari alikuwa safarini wiki mbili, kwa mama mdogo, aliyevunjika mguu.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi.

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda na roho mkononi. Mama alinipokea kama kawaida, akanipa kiti, akaniuliza kama nakula vizuri maana nimebaki mifupa. Kisha akanipa barua ya shule. "Nisomee, mama."

Barua ilisema sare sitini ziletwe Jumatano. Nikasoma Ijumaa. Nilimtazama usoni nikisema neno hilo. Hakupepesa. "Haya," akasema, "Ijumaa."

Nikajiambia nimejitia wazimu bure. Nikaenda uani kuosha vikombe. Jirani alikuwa ng'ambo ya ukuta, nikasikia anamwomba mama amsindikize Jumatano mahali fulani. Mama akamjibu kwamba Jumatano hawezi kabisa, ana sare sitini za kupeleka.

Kikombe kilinitoka mkononi, kikavunjika. Mama akauliza kuna nini. Nikasema sabuni.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempigia mama mdogo. Tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, nikamuuliza mguu unaendeleaje.

"Mguu gani?" akaniuliza.

Mama hajafika kwake tangu mwaka juzi.

Jumanne, 19 Machi

Sikwenda darasani. Nilisimama kwenye kibaraza cha duka la viatu, ng'ambo ya maktaba, toka saa tatu. Saa nne na robo mama alitokea, mwavuli mkono wa kulia, mfuko wa nguo begani. Alipangusa viatu mlangoni kama mtu anayeingia kwake. Kupitia kioo nilimwona Bi Kimya akinyanyuka kwenye kiti chake. Bi Kimya, asiyemnyanyukia mkurugenzi. Wakashikana mikono, wakaenda pamoja hadi nyuma ya rafu, ambako sikuwaona tena kwa muda wa saa nzima.

Mama alipoondoka, niliingia. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kusimama, au kwa hasira. Nilimwambia Bi Kimya kwamba nataka kujua yule mama aliyetoka sasa hivi anaumwa nini.

"Umeniuliza kuhusu msomaji," alisema. "Kuhusu msomaji sijibu."

"Ni mama yangu."

"Nje ya mlango huu ni mama yako. Humu ndani ni msomaji."

Nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika. Kwamba amekaa na siri ya mgonjwa kama vile kitabu cha kurudisha. Kwamba mama angekufa huku yeye akipiga mihuri. Watu walikuwa wanageuka. Hakuniambia hata kimya. Alingoja nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini sana: nimejuaje kwamba mama anaazima vitabu vya ugonjwa.

Nikaitazama kompyuta iliyokuwa kaunta.

"Namba hazikuondolewa," akasema. Haikuwa swali. Akavua miwani, na kwa mara ya kwanza nikayatazama macho yake vizuri. Yalikuwa yamechoka, na yalikuwa na woga. "Wangapi wameona?"

Nikamwambia kumi na watatu, na fundi.

Aliketi chini taratibu. Kwa miezi hii yote nilidhani huyu mama anaogopa kompyuta. Alikuwa anaogopa watu kama mimi.

Alhamisi, 21 Machi

Fundi ameitwa ofisini. Amepita karibu yangu kwenye korido bila kunisalimia.

Jumamosi, 23 Machi

Warsha imeahirishwa. Nimewaambia wenzangu ni mvua. Kwa bahati ilinyesha kweli.

Jumapili, 24 Machi

Niliandaa maneno njia nzima, na yote yaliniponyoka mlangoni. Mama alikuwa anashona mikono ya shati. Nikaketi mbele yake nikasema, "Mama, najua unasoma."

Cherehani haikusimama.

"Na najua unasoma nini."

Hapo akaondoa mguu kwenye kanyagio. Akakata uzi kwa meno, akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine. "Umejulia wapi?"

"Kwenye kompyuta ya maktaba. Nilikuwa nafundisha. Sikujua ni wewe."

"Ulipojua ukaacha?"

Sikuacha. Nimelisoma faili lile mara nane.

"Basi ulinipekua," alisema. "Ni sawa na kuingia chumbani kwangu nimevua nguo, ukasimama ukatazama." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia twende hospitali kesho asubuhi, mimi nitamshika mkono, nitazungumza na madaktari, nitamweleza kila kitu polepole. Nilisema kwa huruma, kama ninavyomweleza karatasi za maji. Mama akafungua vifungo viwili vya gauni na kulivuta pembeni. Chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na kovu refu kama kiganja, limepona, jekundu bado pembezoni.

"Tarehe sita Februari," akasema. "Mguu wa mama yako mdogo."

Mimi nilikuwa nimekuja kumwokoa mtu ambaye alikwishajua uvimbe wake kabla ya daktari, akakatwa kipande cha nyama cha kupimwa, akasikiliza majibu peke yake, akaandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa, akalala kwenye kitanda cha wodi siku tisa. Siku hizo mimi nilikuwa napanga ratiba ya warsha na kulalamika kwamba hapokei simu.

Hakuwa peke yake kabisa, alisema. Bi Kimya alikuwa naye. Ndipo akanieleza. Miaka kumi iliyopita alikwenda kurudisha kitabu nilichokisahau nyumbani. Mkutubi akampa kalamu aweke sahihi, na yeye akasimama na kalamu mkononi kama mtu aliyeshika nyoka. Alimpeleka nyuma ya rafu, akatoa kitabu cha herufi, akamwambia aje Jumanne. Fomu ya kadi yake mwenyewe mama aliikataa. Ikijazwa, alisema, ingebidi ajibu maswali ya watu. Akaomba aendelee na kadi ya mtoto.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini aliniacha nimsomee barua miaka yote hiyo kama mjinga.

"Ulikuwa unafurahi," alisema. "Ulikuwa unakuja kila Jumapili kunisomea. Nikaona nikisema najua, utaanza kuja mara moja kwa mwezi kama watoto wa jirani." Akafunga vifungo vyake. "Halafu nikaona haya. Uongo ukishakaa sana unakuwa kama kiti cha nyumbani, hukiondoi."

Hilo la ugonjwa lilikuwa na sababu nyingine. Baba alipofariki niliacha chuo mwaka mzima kumsaidia. Mama hajasahau, na alijua nikisikia neno saratani nitaacha tena. Kwa hiyo alipoambiwa na daktari kwamba baada ya upasuaji lazima aanze dawa za dripu katika wiki ya tano au ya sita, aliomba kungoja.

"Kungoja nini?"

"Muhula wako uishe. Nimesoma. Wanasema ikipita wiki kumi na mbili tangu upasuaji ndiyo mbaya. Wewe unamaliza wiki ya kumi na moja na nusu. Nimehesabu mara tatu."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayekata kitambaa na kujua kitatosha. Wiki nzima nilikuwa nimeogopa kwamba mama hajui hatari yake. Kumbe anaijua hadi siku, na ameipima, na ameamua kuibeba ili mimi nivae joho.

Nililia. Sikumbembeleza kwa hoja za kisomi, hakuna aliyekuwa na hoja za kisomi kuliko yeye. Nilimwahidi kwamba sitakosa darasa hata moja, kwamba nitakuja wodini na vitabu vyangu, kwamba akiniona nimeacha kitu chochote aache dawa siku hiyohiyo. Alifikiri. Akakubali, lakini akaweka sharti lake.

"Wale watu wako walioona vitabu vyangu," alisema. "Nenda kawaambie ulichofanya. Usinitaje. Jitaje wewe."

Jumatano, 27 Machi

Dripu ya kwanza. Muda wa saa tano kitandani. Bi Kimya alikuja na kiti chake cha kukunja. Tulikaa yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Aliponyanyuka kuondoka nilimwambia samahani. Akaitika kwa kichwa, akamfunika mama miguu.

Ijumaa, 29 Machi

Mama anatapika. Ameniambia niende darasani. Nimekwenda.

Jumamosi, 30 Machi

Nilisimama mbele yao bila kompyuta. Nikasema kwamba tarehe 16 niliwaonyesha maisha ya mtu ukutani. Kwamba niliambiwa namba ziondolewe, nikamrubuni fundi aziache kwa sababu nilidhani najua zaidi. Kwamba yule tuliyemwita mwizi hakuiba kitu. Sisi ndio tuliomwibia. Nikawaomba vichwa vyao visahau, nikijua haviwezi.

Mmoja akatazama dirishani. Mwingine akasema kwa upole kwamba sote tuliteremka pamoja nami. Nikamjibu kwamba kipanya kilikuwa mkononi mwangu.

Shangazi alinyoosha mkono. Nilidhani atanitia moyo, maana ndiye mpole wetu. Akasema amefanya kazi masjala miaka ishirini na sita, ameshika mafaili ya talaka, ya wagonjwa, ya watoto wa nje, na hajawahi kulipeleka hata moja nyumbani kichwani. Tarehe 16, alisema, alipiga makofi. Tangu siku hiyo halali vizuri. Anataka Jumamosi ijayo afundishe yeye: jinsi ya kuondoa majina na namba kwenye jedwali, hatua kwa hatua, kabla mtu mwingine hajaligusa. Ameshajizoeza. Alisema hivyo, kisha akakaa chini, na hakuna aliyecheka.

Bi Kimya alikuwa amesimama nyuma, mlangoni. Sijui alifika saa ngapi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeitwa mbele ya kamati ya maktaba. Juu ya meza kulikuwa na barua mbili za mwandiko mmoja, wa Bi Kimya. Ya kwanza ilinishtaki mimi, nukta kwa nukta, bila kuongeza chumvi. Nilitarajia hilo.

Ya pili ilimshtaki yeye mwenyewe. Kwamba kwa miaka kumi amemruhusu msomaji kutumia kadi isiyo yake, kinyume cha kanuni, akaihuisha kila mwaka kwa mkono wake akijua. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti huku akimtazama kana kwamba amegeuka mtu mwingine. Akamuuliza kwa nini analeta jambo ambalo hakuna aliyelijua. Bi Kimya alijibu kwamba hawezi kumshtaki mtoto kwa kanuni na yeye afiche nyingine aliyoivunja.

Mimi nimefungiwa kumbukumbu zote za maktaba hadi nihitimu, na warsha si yangu tena, ni ya Shangazi. Fundi amepewa onyo la maandishi. Nimeomba liandikwe kwa jina langu, wamekataa. Bi Kimya ameondolewa kaunta, amepelekwa ghala la chini hadi mwisho wa mwaka. Alikusanya kalamu zake mbele yetu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilikaa kiti cha nyuma kama mwanafunzi. Shangazi aliziondoa namba kwenye jedwali la kubuni, safu kwa safu, akieleza kila hatua mara mbili. Hakukosea popote.

Jumapili, 7 Aprili

Nywele za mama zinatoka kwenye mto. Amezikusanya, amezifunga kwenye kitambaa. Hakutaka nimsaidie.

Ijumaa, 12 Aprili

Jua, mara ya kwanza tangu Machi. Nimeanika kila kitu, hata viatu.

Jumatano, 17 Aprili

Nipo nje ya wodi, naandika.

Leo ilikuwa dripu ya pili. Wodi ilijaa, wagonjwa ishirini na wawili kwa manesi wawili, na mmoja wao alikuwa wa zamu ya usiku wa jana ambaye hakupata wa kumpokea. Mama amedhoofika wiki hizi. Alikuwa amelala chali, macho ameyafumba, kilemba kimeteleza. Mimi nilikuwa kwenye kiti pembeni, kompyuta magotini, naandika sura ya tatu ya tasnifu kama nilivyoahidi. Sura yenyewe inahusu watu wazima na usomaji. Nilikuwa natafuta neno.

Nesi alikuja na mfuko wa dawa, akautundika kwenye chuma, akaufuta mkono wa mama kwa pamba, akaushika mrija. Nilimwona akifanya yote hayo. Nilimpisha hata mguu.

"Dada, subiri," mama akasema. "Hilo si jina langu."

Nilidhani anaweweseka. Nesi pia, maana alitabasamu, akamwambia atulie, wanamaliza sasa hivi. Mama hakutulia. Alijiinua kwa kiwiko, akakazia macho ule mfuko uliokuwa juu ya kichwa chake, akasoma. Alisoma jina la kwanza, ambalo ni lake. Alisoma la pili, ambalo si lake. Alisoma namba ya mgonjwa, tarakimu kwa tarakimu, kisha jina refu la dawa, akilivunja vipandevipande bila kuruka hata kimoja, kisha kipimo. "Mimi napewa dawa nyingine," akasema. "Hiyo ni ya mtu mwingine."

Nesi aliitazama karatasi. Nikaona uso wake ukipauka. Aliurudisha mrija, akaushusha mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayeshusha mtoto, akaondoka karibu anakimbia. Ulikuwa wa mama aliyelala vitanda viwili mbele, mwenye jina la kwanza kama la mama yangu.

Daktari alifika mwenyewe. Akamwomba mama radhi, akaukagua mfuko ule, akasema dozi yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mama, na ni ya ugonjwa mwingine. Nikamuuliza ingemfanya nini. Alitazama sakafu, na nilielewa.

Kompyuta ilikuwa bado magotini. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye lile jina, miwani usoni, na sikuinua kichwa. Niliifunga.

Nesi alirudi na mfuko mwingine. Macho yake yalikuwa mekundu. Safari hii hakuutundika. Aliuleta chini, akamwekea mama mbele ya macho, akangoja.

Mama aliusoma wote, kuanzia juu mpaka chini, midomo ikicheza, bila haraka, na wodi nzima ikimtazama. Alipomaliza alilaza kichwa kwenye mto, akamnyooshea mkono wa kulia.

"Huu ndio wangu," akasema. "Endelea, mwanangu."